Jenerali Nusu na Mkebe wa Njahi

Wiki jana binti wa dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa wa nyumba, nikakabidhiwa sufuria. Kwetu ni desturi. Mzazi hupikiwa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe kichwani, ili maziwa yashuke na mgongo upate nguvu. Mengine yote yanaweza kungoja, hata maua na kadi za pongezi. Basi nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la gesi la dada yangu, mjini Embu, jikoni kunakong'aa kuliko zahanati, nikafunua kifuniko na mvuke ukanipanda usoni.

Harufu ya njahi zinazochemka haifanani na ya maharagwe mengine. Ina udongo ndani yake, ina moshi hata pasipo kuni, na ina jivu kidogo, kwa sababu njahi nzuri hukaa kwenye jivu miezi na miezi zisiliwe na wadudu. Nilisimama pale na mwiko mkononi, mwanamke mzima mwenye miwani na dawa za presha kwenye mkoba, nikajikuta nimetamka kwa sauti: "Jeshi, mguu sawa!"

Dada yangu Wanjira akageuka kutoka kwenye sinki. Yeye ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya wavulana, na mtu kama huyo hapendi amri zitolewe na mwingine jikoni mwake. "Unaongea na nani?"

"Na watu wa zamani," nikamjibu, nikafunika sufuria.

Watu wenyewe walikuwa hawa.

Nyumbani kwetu ni kwenye mgongo wa kilima juu ya Runyenjes, kahawa mbele, migomba nyuma, na mfereji wa maji ukipita katikati ya shamba letu na la jirani zetu, kina Nyaga. Hatukuwa na vitu vya kuchezea vya dukani. Sisemi hivyo mnihurumie. Nyinyi wa rika langu mnajua kwamba mtoto asiye na kitu cha dukani huwa na kila kitu kilichobaki duniani. Nyaga alikuwa na miaka tisa, mimi saba, na tulianza kwa kucheza kiuthi, ule mchezo wa mashimo na mbegu ambao wanaume walikuwa wakiucheza sokoni huku wakitukanana kwa upendo. Katika kiuthi mbegu ni ng'ombe, na kazi yako ni kumpora mwenzako zizi lake lote. Lakini Nyaga aliona mchezo wenyewe unaenda polepole. "Hii ng'ombe inaibwa na nani?" akaniuliza siku moja. "Askari wako wapi?" Hapo ndipo majeshi yalipozaliwa.

Sheria zilikuwa nyingi na tuliziandika nyuma ya daftari langu la hesabu. Askari alikuwa harage. Ulimkandamiza kwenye matuta ya udongo mbichi kando ya mfereji, kichwa juu, wamejipanga safu kwa safu. Silaha ilikuwa punje ya mbarika, inayofyatuliwa kwa kidole gumba. Ukipata zamu unapiga risasi tatu, kisha jeshi lako linasonga mbele shubiri moja. Aliyeangushwa akalala jicho juu alikuwa majeruhi: anapelekwa hospitali, yaani kwenye jani la mgomba, na zamu mbili baadaye anarudi vitani. Aliyelala jicho chini alikuwa mateka, na mateka alikwenda na adui moja kwa moja. Kifo hatukukiweka. Nyaga alikataa kabisa, akasema askari wakifa tutapungukiwa.

Jambo jingine: nyumbani tulizungumza Kiembu, lakini vita vilipiganwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyetuamuru. Kiembu kilikuwa lugha ya kuombea uji na kusingizia mdogo wako. Kiswahili ndicho tulichosikia kwa askari wa chifu na kwenye redio, kwa hiyo tuliamini bunduki yenyewe haiwezi kulia kwa Kiembu. Kiswahili chetu kilikuwa kibovu, lakini kilikuwa na kelele za kutosha.

Jeshi la Nyaga lilikuwa la mwitemania, yale maharagwe ya madoadoa ya kahawia ambayo tayari yamevaa magwanda. Langu lilikuwa la mahindi. Nawaambia ukweli, hindi si askari. Ni refu, lina kiuno chembamba, na likisikia upepo wa mbarika linaanguka kabla halijaguswa. Nilishindwa Jumatatu, nikashindwa Jumanne, na Jumatano Nyaga aliwala mateka wake wote baada ya kuwachoma kwa moto, akanipa wawili nionje. Nililia kwa hasira. Ndipo nikakumbuka mkebe uliokuwa chini ya kitanda cha mama.

Mama alikuwa mjamzito, ingawa mimi nilijua tu kwamba amekuwa mzito na mkali. Mwaka ule mvua ilikuwa imetuchezea, njahi hazikufanya vizuri, na zilizopatikana alizitia kwenye mkebe mkubwa wenye mfuniko, akazifunika na jivu. Aliniita nione anapouficha. "Igoki, mwanangu, hizi usiguse. Hata moja. Ni za mgeni anayekuja." Nikasema ndiyo mama. Na nilimaanisha, mpaka ile siku ya mahindi ya kuchoma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama. Nilichota njahi arobaini, nikazipangusa jivu kwa rinda langu, na zilipong'aa nikajua vita vimebadilika. Zilikuwa nyeusi ti, mviringo, nzito chini, na ule mstari mweupe kichwani ulikaa kama kofia ya gwaride. Ukimpanda mmoja kwenye udongo hatikisiki. Mmojawapo alikuwa tofauti na wenzake: mstari wake ulikatika katikati, kama aliyevaa kofia akasahau kuimalizia. Nikampa cheo papo hapo. Akawa Jenerali Nusu, akasimama mbele ya wote.

Alhamisi mwitemania walikiona. Nilichukua mateka thelathini na tatu. Nyaga alisimama, akajipapasa mfukoni, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tena kwa mwanamume. "Hao watu weusi wametoka nchi gani?"

"Siri ya jeshi," nikamwambia.

Furaha ile ilidumu siku mbili. Jumamosi kaka yake mkubwa alikuja kutoka Nairobi, na alipoondoka alimwachia Nyaga gololi. Ya kioo, na ndani yake kuna uzi wa buluu uliojisokota. Nyaga aliilaza kwenye kidole, akafunga jicho moja, akafyatua. Gololi ilipita katikati ya safu yangu ya kwanza, ikapita ya pili, ikaenda kutulia kwenye nyasi, na nyuma yake njahi saba zilikuwa zimelala kifudifudi.

"Hiyo si mbarika!" nikapiga kelele. "Sheria inasema mbarika!"

"Hii ni msaada ya kutoka nje," akasema Nyaga.

Nilikuwa na haki ya kuacha vita pale pale, na hadi leo najiuliza kwa nini sikuacha. Nadhani ni kwa sababu niliona aibu mbele ya Jenerali. Badala yake nilirudi chini ya kitanda nikachota arobaini nyingine. Zikatekwa. Nikachota sitini, kisha mia, kisha mia mbili. Nilijiambia kwamba hizi ni za kwenda kuwakomboa wenzao, kisha zote zitarudi mkebeni pamoja na hakuna atakayejua. Nimekuja kuwasikia wakubwa wa mataifa wakisema maneno hayo hayo redioni, nami huwa nacheka peke yangu. Mwishoni nilipotia mkono mkebeni nilikutana na jivu, nikakoroga kwa vidole nikatafuta, na chini ya jivu kulikuwa na jivu. Jenerali Nusu mwenyewe alitekwa jioni ya siku hiyo, jicho chini, bila ubishi. Nyaga alimweka peke yake ndani ya kiberiti kitupu, kwa heshima ya cheo chake. Wengine aliwafungia kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Sasa lazima niwaeleze nilichokuwa nikijua kuhusu watoto, ili mwelewe kwa nini usiku na mchana vilinichanganyikia.

Nilikuwa nimeshuhudia mara mbili. Mara ya kwanza ni shangazi yangu alipokuja kukaa kwetu. Asubuhi moja wanawake walifika na njahi vikapuni, sufuria kubwa ikatolewa, nikatumwa maji mtoni na kuambiwa nisiwe na haraka, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa maishani. Niliporudi sufuria ilikuwa inatokota na mtoto yuko kitandani. Mara ya pili ni kwa mke wa mwalimu wetu: vikapu, njahi, sufuria, watoto nendeni mkacheze, na kabla jua halijageuka tukaitwa kuona mtoto. Matumbo yao sikuyahusisha na jambo hilo. Watu wazima walikuwa na matumbo ya kila namna, na chifu wetu alikuwa na kubwa kuliko yote na hakuwahi kuleta mtoto yeyote. Hesabu ilikuwa wazi. Njahi zikiiva, mtoto hufika.

Kwa hiyo nilipomsikia jirani akimuuliza mama juu ya ua, "Bado?" na mama akijibu, "Bado," nilisimama kuwasikiliza. "Amechelewa huyu," akasema jirani. "Sijui anangoja nini." Mama akashika kiuno na kusema naye hajui.

Mimi nilijua. Alikuwa anangoja njahi, na njahi zilikuwa gerezani kwa Nyaga.

Siku tatu uji wangu niliwamwagia kuku. Nilimtazama mama akitembea akiyumba kati ya jiko na shamba, akikaa kwenye kigoda na kushindwa kuinuka, nami nikaona ni mimi niliyemfungia mtoto njia. Nilimpenda mama yangu kuliko kitu chochote, na nilikuwa nimemfanyia jambo ambalo hata kulisema nisingeweza. Ijumaa baada ya shule nikamfuata Nyaga chini ya mibuni yao.

"Nirudishie mateka," nikamwambia. "Wote."

"Kwa nini? Umeshindwa."

"Mama hawezi kupata mtoto. Njahi ndio ile yake ya mtoto."

Akacheka. "Wee Igoki, mtoto inatoka hospitali. Hata yule wa tata, shangazi yangu, ilitoka hospitali ya misheni. Nilienda, nikaona."

Hilo lilinitikisa. Nikafikiri. "Na huko hospitali, nyanya yako Cucu alikuwa amebeba nini kwa kikapu?"

Nyaga alifungua mdomo. Niliona jibu likimpanda taratibu kutoka tumboni mpaka machoni. "Njahi," akasema kwa sauti ndogo.

Kahawa ilikuwa imechanua, nyuki wamejaa, na sisi wawili tuko katikati ya harufu ile tamu kama watu waliofiwa. Kisha Nyaga akajifuta pua. "Nitarudisha. Lakini si ya bure. Jeshi hairudishi mateka ya bure, watanicheka."

"Nani atakucheka na tuko wawili tu?"

Akatikisa kichwa kuelekea mfuko wake wa askari. "Mwitemania."

Tukapatana. Kesho yake, Jumamosi, vita vya mwisho. Nikishinda nachukua mateka wote na Jenerali wao. Nikishindwa, akasema Nyaga baada ya kufikiri sana, tutapigana tena mpaka nishinde. Sijaona adui mwenye roho kama ile, lakini gololi alikataa kuiacha. Alikuwa mtu wa heshima; kushindwa kwa makusudi hakukuweza.

Asubuhi ile mama alikuwa na sura ya kijivu na hakutaka uji. Nyanya yake Nyaga, ambaye wote tulimwita Cucu na ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa mgongo ule mzima, alikuwa amekuja mapema na kufunga mlango. Mama akaniita dirishani. "Nenda ukacheze kwa kina Nyaga. Usirudi mpaka uitwe." Nikaona ni bahati tu. Nilichukua mahindi yangu hamsini, nikachukua na jembe la baba.

Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo usiku kucha. Nyaga alikuwa amejenga ngome yake chini kidogo ya mfereji, kwa udongo aliousawazisha kwa ubapa wa panga, na nyuma ya ngome akapanga mateka wangu wote kwa mistari ili niwaone na kuvunjika moyo. Kwa gololi sikuwa na jibu. Lakini mfereji ulikuwa umejaa, maji ya Jumamosi yanakwenda zake kwa zamu ya mtu mwingine, na ukingo wake pale juu ya ngome ulikuwa mwembamba.

"Anza," akasema Nyaga, akainama kulenga.

Nikainua jembe nikakata ukingo.

Sikutegemea maji yawe mengi hivyo. Yaliteremka kwa pamoja, ya kahawia, yakavunja ngome, yakabeba mwitemania na magwanda yao, na kabla sijamaliza kupiga kelele ya ushindi yakafika kwa mateka. Niliona mistari yote ya njahi ikiinuka, ikageuka, ikaondoka. Vita havina macho. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wangu ulikuwa unaelekea kwenye majani ya nepia ya ng'ombe wa kina Nyaga kwa mwendo wa kukimbia.

"Mtoto!" akapiga kelele Nyaga. "Mtoto anaenda na maji!"

Tulijitupa. Sijui kama mmewahi kukamata njahi kwenye maji yanayotembea. Ukiigusa inateleza, ukiifumbata unakuta umefumbata kijiwe. Nilipanua rinda langu kama wavu chini ya nduma, yale magimbi ya kando ya maji, Nyaga akawa anafukuza kutoka juu, anapiga magoti, anakamata, anarusha, anataja hesabu kwa Kiembu kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Tulitoa njahi kwenye mizizi ya nduma, kwenye alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji, na moja tuliitoa mdomoni mwa kuku, ambaye hakukubali kirahisi. Kulikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja na sikuweza kutenganisha.

"Nani amekata maji yangu?"

Cucu alikuwa amesimama juu ya mfereji, kanga kiunoni, mikono imetoka kunawa sasa hivi. Ilikuwa zamu yake ya maji, na nduma zake huko chini zilikuwa zimekauka midomo wazi. Mtu aliyeiba zamu ya maji kwetu ni afadhali angeiba mbuzi. Alitutazama, akatazama jembe, kisha akaliona rinda langu. Alisema kwa Kiembu, nami nawatafsiria.

"Na hizo njahi mmezitoa wapi? Mimi natoka kwenu kuja kutafuta njahi nyumbani kwangu. Mama yako amefungua mkebe wake mbele ya wanawake wote, akakuta jivu."

Nyaga akanitazama. Nami nikavunjika, nikasema yote, mkebe, Jenerali, gololi, na kwamba ni mimi niliyemzuia mtoto asije, na tafadhali azipike upesi kabla hajachoka kungoja.

Cucu alininyamazisha kwa mkono. "Mtoto yupo. Amefika wakati jua linagusa migomba."

"Amekuja bila njahi?"

"Njahi haileti mtoto, wee mjinga wangu. Njahi inaleta maziwa. Mtoto amekuja, na mama yake hana cha kula." Akainama, akatia mkono rindani mwangu, akazigeuzageuza zile njahi na matope yake. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa mfereji, miguu majini, akijifuta macho na kona ya kanga. Halafu akasimama, akanipiga kofi moja la matakoni kwa ajili ya mkebe, akampiga Nyaga moja kwa ajili ya gololi, akatupiga kila mmoja jingine kwa ajili ya maji, na akaamuru jeshi lioshwe.

Tuliliosha mara tatu. Wakati wa kuzihesabu Nyaga alisimama kando, mdomo umefungwa, hajibu hata akiulizwa. Zilikosekana kama ishirini, ambazo si nyingi kwa mafuriko yale. Lakini kiberiti kilikutwa wazi, kimelowa, na ndani hakuna mtu.

"Jenerali yuko wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidole chini ya bonde, ambako mfereji ulimwaga maji yake kuelekea mto Ena. Nikaelewa. Nikalia kidogo, lakini si sana, kwa sababu Cucu alikuwa tayari anapanda kilima na beseni kichwani na mimi nilitaka kumwona huyo mtoto.

Mama alikuwa amelala kwa ubavu, na kando yake kuna kitu kidogo chekundu chenye hasira. Cucu alimweleza yote kabla sijafika mlangoni. Nilijua kwa sababu nilisikia mama akisema, "Usinichekeshe, tafadhali, tumbo linauma, usinichekeshe," na huku anacheka. Nikaingia na matope yangu. Alinyoosha mkono akanivuta mpaka nikalala naye uso kwa uso.

"Nilidhani ni panya," akasema. "Nikajiuliza, huyu panya gani anakula njahi anarudisha mfuniko?"

"Mama, unanichukia?"

"Nakuchukia sana," akasema, akanibusu kwenye matope. "Sasa nenda ukachochee moto. Jeshi lako halijaiva."

Alizila zote kwa siku nne, na maziwa yakashuka. Kwa hiyo naweza kusema bila kutia chumvi kwamba dada yangu Wanjira alinyonya jeshi langu zima, na wavulana wa shule yake wakiuliza ukali ule umetoka wapi, mimi ninayo majibu.

Kuanzia siku hiyo, kila njahi zilipopikwa nyumbani, mama alikuwa na swali moja. Alikuwa akiweka sahani mezani, anakaa, ananiangalia kwa uso mkavu kabisa. "Na yule Jenerali wenu, alipatikana?" Nami nilikuwa nikijibu, "Bado, mama. Tunamtafuta." Aliniuliza nikiwa sekondari. Aliniuliza siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe, na sikuweza kuwaeleza. Aliniuliza mwaka juzi akiwa kitandani, wakati alikuwa anameza vijiko viwili tu vya chakula kwa siku, na nilipomjibu kwamba bado tunamtafuta alitabasamu akafumba macho. Huo ndio ulikuwa mlo wake wa mwisho wa njahi.

Basi wiki jana, mimi na Wanjira tukiwa bado jikoni, pikipiki ikanguruma nje. Akashuka Nyaga. Ni mzee wa kahawa sasa, ana tumbo la chifu na kofia ya sufu hata jua likiwaka, na ametoka Runyenjes mpaka Embu akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi kama yai. Akausimamisha juu ya meza.

"Nimeskia kuna mtoto," akasema. "Nikaona nirudishe mateka."

Nikafungua. Njahi, kilo mbili hivi, nyeusi ti, kila moja na kofia yake.

"Unakumbuka ile siku ya mafuriko," akasema Nyaga, na hakunitazama, alitazama kofia yake mikononi. "Jenerali hakuenda na maji. Nilikuwa nimemweka kwa mdomo. Cucu alipokuwa anahesabu, alikuwa hapa," akagusa shavu. "Nilitaka kubaki na kitu. Halafu nikaona aibu kukurudishia, siku ikapita, mwezi ukapita. Nikamzika nyuma ya ghala, na heshima zote, nikapiga saluti. Mvua ikanyesha, akaota."

"Nyaga."

"Alipanda ule mti wa parachichi mpaka juu. Mama yangu akaweka mbegu, mimi nikaweka. Kila msimu. Hawa wote ni watu wake."

Nilimwaga njahi mezani. Nilivaa miwani yangu vizuri nikazipekua moja moja, kama mtu anayetafuta sura ya ndugu kwenye kundi la wageni. Mistari yote ilikuwa mizima. "Hakuna hata mmoja mwenye nusu," nikasema.

"Wamefuata upande wa mama yao," akasema Nyaga.

Wanjira alitutazama wazee wawili tukicheka tukishikilia meza, akauliza kama tunahitaji maji. Nikamwambia atoe sufuria ya pili. Niliziosha mara tatu, nikaziweka motoni, nikangoja mpaka zikatokota na ile harufu ikapanda tena, ya udongo na jivu. Nikapakua sahani ya kwanza, nikaiweka mezani mbele ya kiti ambacho mama alipenda kukalia alipokuja mjini, kwa muda tu, kabla sijampelekea mzazi.

"Mama," nikasema, "amepatikana."